Neno la Kufuta Hukaa Mwisho

Hospitalini walimwita Fundi, naye aliitikia. Wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kompyuta zote za jengo lile la ghorofa nne, kuanzia ile ya dirisha la mapokezi, ambayo kibodi yake ilijaa makombo ya mkate, hadi seva, mashine kubwa iliyotunza kumbukumbu za hospitali nzima. Seva ilifungiwa chini ya ngazi, katika kichumba kilichokuwa zamani stoo ya mafagio. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni mbili, kiti kilichovunjika mkono mmoja, na baridi iliyomfanya avae sweta hata siku ambazo wenzake huko nje walijipepea kwa kadi za wagonjwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye maneno machache kazini na mengi nyumbani. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki yeye akiwa na miaka sita. Mjomba alimpachika jina la Chiriku kwa sababu, alisema, mtoto huyu akiamka ndege wote hunyamaza kwa aibu. Mke wa Mjomba ndiye Fundi aliyemwita Mama, na hakukuwa na mama mwingine aliyemkumbuka vizuri.

Mjomba mwenyewe hakuwa na haki ya kuwasema wengine kwa kelele zao. Alikuwa mnadi. Alinadi samani kuukuu katika ua wa ghala la mnada: vitanda, makabati, viti vya ofisi zilizofungwa. Alipanda juu ya meza bila kipaza sauti, na mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara alijua kabati limefika bei gani. "Mchwa walilijaribu kabati hili wakang'oka meno!" angesema. "Kitanda hiki kimeshaleta duniani watoto saba, wa nane anakusubiri wewe!" Watu walikuja kununua stuli wakaondoka na meza, mbavu zikiwauma kwa kucheka.

Koo lilipoanza kumkwaruza alidhani ni vumbi la ghala. Likaja lile la kukohoa, likaja lile la sauti kukatika katikati ya bei, na mwisho daktari wa koo akamweleza bila kuzungukazunguka. Uvimbe umeshika kikoromeo. Ama kitolewe chote, ama aanze kuagana na watu.

"Basi kichukueni," Mjomba alisema. "Sauti niliyoitumia mimi inatosha watu watatu."

Alitania, lakini usiku ule Mama alimsikia akijisomea gazeti kwa sauti peke yake sebuleni, hadi matangazo ya vifo.

Katika hospitali ile kulikuwa na chumba ghorofa ya pili ambacho kuta zake zilibandikwa vipande vya godoro ili kelele za nje zisiingie. Mwenye chumba alikuwa mtaalamu wa matamshi, mama wa makamo aliyevaa miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Ndiye aliyeanzisha kazi ya kuhifadhi sauti. Mgonjwa anayekwenda kupoteza sauti aliketishwa mbele ya kipaza sauti, siku baada ya siku, akasoma maneno, akataja majina ya watoto wake, akahesabu, akasimulia lolote alilotaka. Siku hizi zipo mashine zinazoweza kumsemea mtu kwa sauti yake mwenyewe, mradi awe ameweka akiba ya kutosha. Na hata bila mashine, sauti ya mtu ni mali yake. Mafaili yale yalikuwa mazito, kwa sababu mtaalamu hakutaka sauti ibanwe hata kidogo ili ichukue nafasi ndogo. Yote yalishushwa kwenye seva, kwa Fundi. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameacha sauti zao mle.

Mjomba alirekodi kwa asubuhi tisa. Walipotaka kumpa nakala yake kwenye flashi, aliishika kwa vidole viwili kama mdudu, akamrudishia Fundi.

"Niwekee wewe. Kitu kidogo hivi mimi nitakipoteza kabla sijafika nyumbani. Nani atanitunzia kuliko mtoto wangu?"

Fundi akaichukua flashi ile, akafuta yaliyomo, akampa mgonjwa mwingine. Kwenye seva palitosha.

Asubuhi ya tisa Mjomba alimwomba mtaalamu atoke, akafunga mlango, akarekodi peke yake karibu saa nzima. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alimshika Fundi begani pale koridoni.

"Hii ya leo ni ya mama yako. Nikishaondoka ndipo umpe. Yeye hajui, na usimwambie. Na wewe usisikilize, Chiriku. Nakujua wewe."

"Sisikilizi, Mjomba."

"Apa."

Akaapa. Na kiapo kile alikitunza. Faili lile lilikaa kwake miezi minane, alilipita kila wiki akikagua mambo mengine, wala hakuligusa hata kuona kama linafunguka.

Upasuaji ulikwenda salama. Mjomba alirudi nyumbani na tundu shingoni alilolifunika kwa kitambaa cheupe, na daftari la shule mfukoni ambamo alijibu watu kwa penseli. Ila kila Alhamisi alioga, akavaa shati la mnadani, akaja ghorofa ya pili. Mtaalamu alimvisha vipokea sauti masikioni, naye akajisikiliza. Alichagua zile asubuhi alizonadi vitu visivyokuwepo. Midomo yake ilifuata bei. Wakati mwingine mabega yalimtikisika kwa kicheko kisichotoa sauti, na muuguzi aliyepita alisimama mlangoni akacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Simu ya kichumba cha chini ya ngazi ikalia. Alikuwa fundi wa eksirei.

"Picha hazihifadhiki tena! Mashine inaniambia nafasi imekwisha. Zimekwama tangu alfajiri, na hapa nina mgonjwa anayepelekwa upasuaji."

Fundi hakushangaa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Seva ilikuwa imemwonya. Ilimletea ujumbe kila saa kwamba inajaa, na wiki ya tatu yeye akaunyamazisha ule ujumbe kwa sababu ulimkatiza kazini. Diski ya akiba, ile iliyopaswa kubeba nakala ya kila kitu, ilijaa miezi mitano nyuma, na tangu hapo hakuna kipya wala cha zamani kilichonakiliwa vizuri. Akaifuta iwe tayari kuanza upya pamoja na nyingine atakayoletewa. Alikuwa ameandika barua tatu kwa mkurugenzi kuomba diski hiyo. Barua mbili zilijibiwa "ombi limepokelewa." Ya tatu haikujibiwa.

"Nipe dakika tano," alisema.

Alijua pa kupunguza. Katika folda kuu ya pamoja, ileile iliyotunza zile sauti, kulikuwa na video za mafunzo ya wauguzi, kubwa kubwa, ambazo hakuna aliyezitazama tangu zirekodiwe. Kuzisaka moja moja kungechukua nusu ya asubuhi. Lakini kuna njia ya kuiandikia mashine amri ya mstari mmoja, bila vidirisha wala picha za kubofya, ikafanya kazi yote yenyewe. Ukiuleta mstari ule kwenye lugha ya watu, unasema: tafuta ndani ya folda hii, yaliyo mafaili, ya aina ya video, yenye ukubwa unaozidi giga moja.

Alifanya kama anavyofanya mtu anayejua kazi. Kwanza aliiamuru mashine itafute tu na kumwonyesha. Ikamwonyesha video ishirini na mbili. Akazipitia kwa macho. Zote ni mafunzo, hakuna cha mtu. Vizuri. Akauita mstari uleule tena, kwa kitufe kimoja, ili aongeze neno moja tu mwishoni: futa.

Kabla ya kuongeza, akarudi mwanzo wa mstari kuhakiki jina la folda. Ilikuwa desturi yake kuhakiki mara mbili. Kile kijistari kinachopepesa kwenye skrini kikawa kimesimama pale, mara tu baada ya jina la folda. Simu ikalia. Akaibana kwa bega.

Safari hii alikuwa daktari wa upasuaji mwenyewe. "Wewe Fundi, mgonjwa yuko mezani, nyonga imevunjika vipande, na mimi nakata nikiwa kipofu! Dakika zako tano ni za saa gani?"

"Sasa hivi, Daktari. Sasa hivi."

Akaandika neno la kufuta palepale kijistari kilipokuwa. Akabonyeza.

Mashine ile husoma kama msomaji yeyote, kuanzia kushoto kwenda kulia. Ilikuta jina la folda, ikakuta neno futa, ikafuta. Masharti ya aina na ukubwa yalikuja nyuma, kama mtu anayefika na ufunguo nyumba ikiwa imeshaungua.

Fundi alitegemea ichukue sekunde mbili. Zikapita tano. Zikapita kumi. Akatazama mstari, akasoma alichokiandika. Alibonyeza vitufe vya kusimamisha kwa mikono miwili, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Akauliza nafasi iliyotumika. Kama zingekuwa zile video tu, seva ingeshuka kutoka asilimia mia hadi tisini na tatu. Iliandika sitini na moja.

Akafungua folda. Haikuwa na kitu.

"Imekubali!" ikasema sauti ya fundi wa eksirei, aliyepiga daktari alipokwisha kukata simu. "Picha zinaingia. Ahsante, dada, Mungu akuzidishie."

Hapa kuna jambo ambalo si kila mtu analijua. Faili likifutwa haliondoki palepale. Mashine hulifuta jina tu katika orodha yake. Mwili unabaki ulipokuwa, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama Fundi angeichomoa seva kwenye umeme dakika ileile, sauti zile zingekuwa bado zimelala mle, na wapo watu wanaoweza kuzifufua. Lakini picha zilizokwama tangu alfajiri zilikuwa zinaingia kwa mamia. Zilikuwa zinakaa palepale.

Aliinama nyuma ya seva akaushika waya wa umeme.

"Kaka," akasema kwenye simu, "simamisha picha kwanza."

"Nisimamishe? Umepatwa na nini? Mama wa watu kaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Daktari anazisoma sasa hivi, moja baada ya nyingine. Nikisimamisha nimemuua."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nzima. Labda mbili."

Waya ulikuwa wa moto kidogo mkononi. Fundi aliushika muda ambao baadaye hakuweza kuupima. Alimwona Mjomba na shati lake la Alhamisi. Aliona majina arobaini na moja, na hakukumbuka hata sura kumi. Na ule mwili wa mwanamke asiyemjua ulikuwa umelala mezani ghorofa ya juu, umefunguliwa.

Akauachia waya. Hakuwa shujaa, watu waliomwita hivyo baadaye walimkera. Ni kwamba mkono ulikataa kuvuta, basi. Akaketi kwenye kile kiti kibovu, akaangalia tarakimu zikipanda. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Kila moja ilipobadilika alijua ni mtu ananyamazishwa, ila hakujua ni nani. Saa sita na robo daktari alisema amemaliza. Ilikuwa imefika sabini. Ndipo akaizima seva.

Alikaa na diski ya seva siku nne, akila biskuti na kulala juu ya meza ya mtaalamu wa matamshi. Aliazima programu za kufufua mafaili, akapiga simu kwa kila mtu aliyesoma naye. Vilivyotoka vilikuwa vipande visivyo na majina: mvumo, mlio kama wa maji, nusu ya neno. Kimoja tu kilikuwa safi. Ilikuwa sauti ya mtaalamu mwenyewe ikisema, "Tayari? Haya, sema." Baada ya hapo ukimya.

Mtaalamu aliisikia, akavua miwani, akatoka chumbani. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Alishuka ngazi taratibu akishikilia ukuta kama mtu aliyezeeka njiani.

Mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mbele yake zilikuwa zile barua tatu, zimepangwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Tutatoa tangazo kwamba mtambo ulipata hitilafu. Wewe hutajwi, mimi sitajwi."

"Mtambo haukupata hitilafu, Mkurugenzi. Ulifanya nilichouambia."

"Nani anakuuliza?"

"Wataniuliza."

Wiki mbili baadaye diski mpya zililetwa, nne, ndani ya maboksi yake. Hakukuwa na haja ya barua.

Lakini mwanzoni mwa zile siku nne ilikuwepo Jumatano. Fundi alipiga moyo konde akaenda nyumbani, maana kesho yake ilikuwa Alhamisi na Mjomba angekuja ameshaoga. Alimkuta barazani anapiga gundi mguu wa kiti. Mama alikuwa ameenda sokoni. Fundi alisimama badala ya kukaa, akayasema yote, kuanzia ile simu ya kwanza hadi mvumo mtupu uliokuwa ukitoka kwenye diski, bila kujitetea, haraka haraka kama Chiriku wa zamani. Mjomba aliendelea kuubana ule mguu kwa mikono miwili mpaka gundi ikashika. Kisha akatoa daftari.

Aliandika: *Zote?*

"Zote, Mjomba."

*Hata ile?*

"Hata ile."

Penseli ikakaa juu ya karatasi. Hewa ilikuwa inatoka kwenye lile tundu la shingo ikifoka, kwa kasi, kitambaa kikipigapiga. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kujua kwamba mtu yule analia kwa nguvu.

"Iandike," Fundi akasema, akipiga magoti. "Mjomba, nakuomba. Iandike upya, yote, nami nitaiweka. Nitaiweka mahali kumi."

Mjomba akatikisa kichwa. Baadaye sana akaandika, taratibu, maneno yakipinda: *Mle ndani kulikuwa na giza na hakuna mtu. Niliweza kusema. Kwenye karatasi maneno yananitazama.* Na chini yake: *Mama yako asijue kama ilikuwepo.*

Kesho yake alikuja vilevile. Fundi alimwona kutoka ngazini, ameketi kwenye benchi nje ya kile chumba, shati limepigwa pasi, mikono magotini. Mtaalamu hakuwa na cha kumvisha masikioni. Alikaa kama saa moja, akainuka, akaenda zake. Hakuja tena Alhamisi nyingine.

Kati ya wale arobaini na mmoja, kumi na wanne walikuwa na nakala zao nyumbani. Walibaki ishirini na saba, na tisa kati yao walikuwa wameshafariki. Fundi aliwapigia wote, au jamaa zao, mwenyewe, kutoka kwenye kichumba chake. Mwanamke mmoja alimtukana hadi akaishiwa pumzi, na Fundi akashukuru. Mwingine hakujua kama marehemu mumewe aliwahi kurekodi chochote, kwa hiyo alipokea vitu viwili kwa mpigo, kuwepo kwa rekodi na kupotea kwake. Mzee mmoja, aliyemzika binti yake, alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru kwa taarifa, akamwomba ajaribu tena. Tangu siku ile akawa anapiga simu kila Jumatatu saa tatu kamili.

"Hujambo mwanangu. Vipi, haijapatikana?"

"Bado, Baba."

Mara ya kwanza Fundi alikosea akasema "bado," na baada ya hapo hakupata ujasiri wa kulirudisha neno lile.

Kwa Mjomba hakukata tamaa haraka. Alikwenda ghala la mnada, akauliza kila mchuuzi kama kuna aliyewahi kumrekodi kwa simu. Walisikitika, wakatafuta, wakasema simu ya zamani iliibwa, ya sasa ni mpya. Mwisho muuza magodoro mmoja akapata video aliyoichukua kumwonyesha mkewe kabati. Sekunde kumi na saba. Kabati ndilo lililoonekana, na nyuma yake, katikati ya honi na kelele za watu, sauti ikipandisha bei.

Aliipeleka jioni, akaiweka mezani mbele yao wote wawili, akabonyeza. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza mara mbili.

"Hiyo ni ya mnadani," akasema polepole. "Ile ya nyumbani haikuwa hivyo. Ile ya nyumbani ilikuwa ndogo."

Mjomba akakubali kwa kichwa. Fundi akaichukua simu yake, na hakuna aliyeomba kuisikia mara ya tatu.

Ugonjwa ulirudi kabla mwaka haujaisha, safari hii kwenye mapafu, na haukuwa na haraka wala huruma. Siku za mwisho Mjomba hakuwa na nguvu ya kushika penseli. Alimtazama mkewe muda mrefu sana, midomo ikienda, na mkewe akisema, "Nini, baba? Maji? Nikugeuze?" Fundi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alijua kwamba si maji wala si kugeuzwa. Alinyamaza, kwa sababu alikuwa ameahidi. Mjomba alifariki asubuhi ya jua kali, dirisha likiwa wazi.

Mtaalamu wa matamshi alikuja kumpa pole mjane. Alikuwa mama mwema, na wema wake ndio uliomponyoka. Alimshika mikono, akasema, "Na ninachosikitikia zaidi ni ile aliyokurekodia wewe, ile asubuhi aliyonitoa chumbani. Saa nzima! Sijapata kuona mwanamume..." Akaona uso wa mwenzake, akakatisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama alingoja wiki nzima, hadi wageni walipopungua na viti vya kuazima vikarudishwa. Jumapili Fundi alipokuja, akamtengea chai jikoni, akakaa mkabala naye.

"Ilikuwa kwako?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minane."

"Alisema nini?"

"Sijui. Sikuisikiliza. Aliniapisha."

Mama akamtazama kwa macho makavu. Hakuonyesha hasira, Fundi angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Hata mwanzo wake? Hata kidogo, kuona kama imeshika?"

"Hapana, Mama."

"Ulipokuwa mtoto hukuacha sufuria bila kufunua. Barua zangu ulizisoma. Ulijua siri za mtaa mzima wewe." Alisogeza kikombe chake, akakirudisha palepale. "Siku hiyo moja ndiyo ukaamua kuwa mtu mwenye adabu. Ungesikiliza tu, mwanangu, leo angekuwepo mtu mmoja duniani anayejua mume wangu alitaka kuniambia nini."

Fundi alikuwa na mengi aliyoyapanga njiani, kuhusu mgonjwa wa nyonga, ambaye alipona na kurudi kwake kwa magongo. Kuhusu amana na kiapo. Kuhusu barua tatu. Mama hakungoja jibu. Aliinuka akaanza kuchambua mchele kwenye ungo, akitupa chuya kando, punje moja moja, na hakukuwa na mlio mwingine humo jikoni.

Chai ikapoa ikiwa imejaa. Giza lilipoanza kuingia Fundi akaaga, na Mama akamsindikiza hadi mlangoni kama alivyomsindikiza siku zote. Akamwambia aangalie anapokanyaga, ngazi ya chini ina ubao uliolegea.